Jani la Mama Mwanjala

Wiki jana mjukuu wangu Wawuda, ambaye ni muuguzi, alikuja kuniona hapa Voi. Tulikuwa tunakunywa chai akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kinachomchekesha ni nini.

"Babu, kuna mama alikuja kazini na simu imejaa picha za nepi. Nepi tupu! Foleni imefika mlangoni, na yeye anataka nitazame choo cha mtoto wake, picha moja baada ya nyingine. Nikamwambia, mama, hebu funga hiyo simu, watu wametoka kula sasa hivi. Wee, watu walicheka!"

Mimi sikucheka. Nilimuuliza mtoto alikuwa na nini. Akasema tumbo tu, alimpa dawa akaenda. Nikamuuliza kama aliziangalia hizo picha.

"Babu, jamani!"

Nilimkaripia mpaka bibi yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wawuda alinuna, akaondoka kabla ya chakula. Mimi nikabaki nimekaa, na aibu ikanipanda kama ya jana, ingawa ni ya miaka ya hamsini. Ndiyo maana naandika. Wawuda asome, na nyinyi wenzake mnaovaa sare nyeupe na viatu vya raba msome. Mkitaka kunidharau mkimaliza, ruhusa.

Mimi nilikuwa dresa. Najua hamjui dresa ni nini. Hatukuwa madaktari, hatukuwa wauguzi kama nyinyi. Tulifundishwa kuosha vidonda, kufunga bandeji, kupiga sindano, kugawa vidonge, na kujua ni nani apelekwe hospitali kubwa. Wagonjwa wengine walituita daktari na sisi hatukuwasahihisha. Nilivaa kaptula ya kaki niliyopiga pasi ya makaa mwenyewe kila jioni, na soksi ndefu mpaka magotini. Nilijiona sana. Dispensari yetu ilikuwa ndogo, karibu na reli, na watu walikuja kutoka kila upande: wafanyakazi wa reli, vibarua wa mashamba ya mkonge, Wakamba, Waswahili wa mjini, na wale walioteremka kwa miguu kutoka Sagalla tangu alfajiri.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Athumani, mtu mzima mwenye asili ya pwani, mpole, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye alikuwa na jambo moja ambalo mabwana afya wa serikali hawakulipenda hata kidogo. Aliwaambia kina mama wote: mtoto akiumwa tumbo, usinieleze kwa mdomo tu, niletee choo chake. Basi wakaleta. Walikifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, wakakifunga kwa uzi wa mgomba uleule, wakakaa nacho kwenye benchi kwa adabu kabisa. Asubuhi Bwana Athumani alipita kwenye lile benchi akifungua majani moja moja. Anatazama, anageuza kwa kijiti, ananusa. Ndiyo, ananusa!

Wiki yangu ya kwanza nilikimbilia nyuma ya jengo nikatapika uji wote. Alinifuata na kikombe cha maji.

"Mwanangu, wewe watapika kwa sababu wakitazama kama uchafu. Kitazame kama barua. Mtoto hajui kusema, kakuandikia."

Nikajifunza kusoma hizo barua. Alinionyesha choo kigumu kama mawe chenye mstari wa damu mbichi kwa nje, na mtoto anayelia akienda haja: huyo amechanika kidogo tu, mpe papai, maji mengi, na mama asimfokee. Alinionyesha damu iliyochanganyika na choo chepesi, mtoto ana homa, na nyumbani wawili watatu wanaharisha: huko ni kuhara damu, uliza wanachota maji wapi. Msimu wa kiangazi maji yalipokuwa shida kule Sagalla tuliiona sana hiyo. Alinionyesha choo cheusi kama lami, akaniambia hiyo damu imetoka mbali, juu tumboni. Na kulikuwa na msichana mmoja wa Miasenyi aliyekuwa akidondosha damu kila amalizapo haja, haumwi, anacheza, anakula. Bwana Athumani alisema kuna kinyama kimeota ndani, akamwandikia barua aende Mombasa. Kilikutwa na kikatolewa.

Na alinifundisha moja zaidi, akanirudia mara tatu ili nisisahau. Alisema, "Akija mtoto mchanga, wa miezi mitano hadi mwaka na kitu, jana alikuwa mzima mnono. Ghafla apiga kelele, akunja miguu tumboni, kisha anyamaza kama hana kitu. Kidogo, tena. Atapika. Kisha katika jani waona damu na kamasi tu, choo chenyewe hamna. Huyo si wa vidonge. Utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati ulivyojikunja ndani. Mlaze, umpapase tumbo taratibu akiwa ametulia. Huenda ukapata kivimbe kama kiazi kitamu. Ukikipata au usikipate, huyo ni wa Mombasa siku ile ile. Siku ile ile, Nyambu! Wasikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Laiti nisingefundishwa, leo ningekuwa na la kusema.

Sasa niwaeleze habari ya mabuyu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Siku moja Bwana Athumani alikuwa ameenda kuswali Ijumaa. Mke wa fundi mmoja wa reli akaja mbio na jani. Kufungua, lo! Nyekundu tupu. Mtoto wake wa kiume wa miaka mitano amesimama pale ananitazama. Nilichanganyikiwa. Nilimlaza kwenye machela, nikamkataza asinyanyue hata kichwa, nikamtuma mtu kwa mkuu wa stesheni kuomba gari la moshi la mizigo lililokuwa linapita lisimamishwe. Nilimwambia mama ajitayarishe kwa lolote. Mama akaanza kulia, majirani wakaja kulia naye, na baba akatoka karakana na mikono imejaa grisi. Walikuwa wamejaa uani kama kwenye harusi.

Bwana Athumani akarudi na kofia yake ya viua. Akapita katikati ya watu, akamwinamia mtoto.

"Hebu toa ulimi, mwanangu."

Ulimi ukatoka, mwekundu kama wino.

"Umekula nini?"

"Mabuyu."

"Mangapi?"

"Yote."

Alikuwa amekula mfuko mzima wa mabuyu yaliyotiwa rangi, aliouweka mama yake auze. Wee! Kicheko kilichopigwa pale uani kilisikika ng'ambo ya reli. Baba mtu alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo mimi sikuwa Nyambu tena. Nilikuwa Dresa Mabuyu. Sokoni Dresa Mabuyu, kanisani Dresa Mabuyu. Watoto walinitolea ulimi nikipita. Na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, natafuta mchumba.

Bwana Athumani aliniita pembeni akaniambia, "Hukukosa. Uliona nyekundu ukashtuka, ndiyo kazi yetu. Ulilosahau ni kuuliza tu. Kesho ukiona nyekundu, shtuka tena."

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa linasikiliza watu wanavyocheka. Nilijiapia moyoni kwamba hakuna jani jingine litakalonifanya kichekesho cha Voi.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Jumanne, Bwana Athumani amepanda Wundanyi kufuata dawa, angerudi kesho yake. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Akaja mama mmoja kijana kutoka Sagalla, mtoto wa kwanza mgongoni, amefungwa na leso. Mtoto aliitwa Mwanjala, ana miezi tisa. Mkononi mama amebeba jani, amelifunga vizuri na amelishikilia kwa mikono miwili kama anavyofundishwa mtu kubeba kitu cha mkubwa.

"Dresa," alisema, "tangu jana mchana analia, ananyamaza, analia. Anatapika. Tazama alichotoa."

Akafungua jani pale pale kwenye benchi. Wanawake wakainua shingo. Mmoja wao, mke wa yule yule fundi wa reli, akapiga makofi.

"Haya, Dresa Mabuyu! Yamekuja mengine!"

Benchi zima likaangua kicheko. Hata mimi najua hakuwa na ubaya, alikuwa mtu wa mzaha tu. Lakini masikio yangu yalipata moto. Niliona wekundu kwenye jani kwa kupitisha jicho tu, nikainua uso nikawatazama wale wanawake.

"Umempa mabuyu huyu?" nikamuuliza yule mama, kwa sauti, ili wote wasikie.

"Hana meno, dresa. Ananyonya tu."

Wakacheka tena. Safari hii nilidhani wananicheka mimi kwa swali la kijinga, na lilikuwa la kijinga kweli. Basi nikakunja uso nikajifanya mtu anayejua. Nikasema ni kuhara damu, wako wengi Sagalla, mnakunywa maji ya madimbwi halafu mnatuletea uchafu hapa. Nikamwambia mfagiaji achukue hilo jani akalitupe. Nikaponda vidonge vya salfa, dawa yetu ya kuhara damu siku hizo, nikamkunjia kwenye karatasi, nikamwambia amchemshie maji ya kunywa. Mtoto wakati huo alikuwa amenyamaza. Sikumlaza. Sikumgusa tumbo. Mikono yangu ilikuwa mitupu, nyinyi, haikuwa na kazi yoyote! Kilikuwa kitendo cha dakika moja. Nikasema, "Anayefuata."

Mama akasema, "Asante, dresa," akaanza kurudi mlimani kwenye jua lile.

Bwana Athumani alifika asubuhi ya pili. Kama kawaida yake aliniuliza nimeona nini. Mimi nikamsimulia kama kichekesho, jinsi wanawake walivyopiga kelele za mabuyu, jinsi mama wa Sagalla alivyosema hana meno. Nilikuwa natabasamu. Yeye alikuwa anavua koti, akaacha mkono mmoja ndani.

"Katika jani mlikuwa na choo?"

Nikafikiri. Nikasema, "Damu. Na kama kamasi."

"Choo kilikuwamo?"

"Sikuona."

"Mama alikwambia mtoto alia kwa vipindi?"

Nikaanza kukunja bandeji iliyokwisha kukunjwa.

"Ulimgusa tumbo, Nyambu?"

Akarudisha koti mwilini. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema, "Twende," na tulifunga dispensari watu wakiwa kwenye benchi.

Bwana Athumani alikuwa na goti bovu, na Sagalla ni mlima, si mchezo. Alipanda bila kusimama, akiuliza njia kwa kila tuliyekutana naye, na mimi nyuma yake na machela begani. Tulifika jua likiwa la utosi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akatuona, akainuka na uso umejaa furaha. Alimwamkia Bwana Athumani, kisha akanigeukia mimi.

"Dresa, umekuja mpaka huku! Dawa yako imemsaidia. Ameacha kulia tangu alfajiri. Amelala tu."

Akaingia ndani akatoka na mayai manne kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. Mayai manne, na nyumba yenyewe mnaiona haina kitu. Niliyashika.

Bwana Athumani alikuwa ameshapiga magoti kando ya mtoto. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, ngozi ya kijivu, tumbo limejaa kama ngoma. Alikuwa amelala usingizi ule ambao nyinyi mnaujua. Bwana Athumani alinitazama mara moja tu juu ya miwani.

"Tunamshusha stesheni," alimwambia mama. "Gari la Mombasa litapita alasiri. Funga vitu vyako."

Machela haikufaa kwenye ile njia ya mawe, kwa hiyo mimi nilimbeba. Nilifungwa ile leso yao, mtoto akawa mgongoni kwangu, kichwa kwenye shingo. Nilisikia pumzi yake hapa, chini ya sikio. Niliihesabu nikiteremka. Sikuwahi kumwomba Mungu vile kabla, wala baada ya hapo. Nilimwambia, huyu afike tu, mimi niitwe Dresa Mabuyu mpaka nife.

Tulikuwa tumefika tambarare, paa za Voi zinaonekana, nikawa siisikii tena ile pumzi. Nikasimama kidogo, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Hakuna kitu. Bwana Athumani alinifikia, akaweka vidole kwenye shingo ya mtoto, kisha akaniangalia akitikisa kichwa taratibu. Mama alikuwa nyuma hatua chache, kifurushi kichwani, anatuuliza, "Gari halijapita, eti?"

Nami nikamjibu, "Bado, mama. Tutaliwahi."

Nikaendelea kutembea. Nilimbeba mtoto aliyekufa mpaka stesheni kwa sababu sikuwa na moyo wa kugeuka. Hapo ndipo Bwana Athumani alipomkalisha kwenye benchi na kumwambia. Mama alipolia, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji na mayai manne mfukoni, mawili yamevunjika, yananichuruzikia kwenye ile kaptula niliyoipiga pasi.

Bwana Athumani hakumwambia kosa ni la nani. Alisema hilo ni deni langu, siku nikiwa mwanamume nitalilipa mwenyewe. Alikufa kabla sijalilipa.

Sasa sikilizeni. Nilibaki kwenye kazi ile miaka zaidi ya thelathini. Niliona mengi yakibadilika: dawa mpya, glavu, barabara, gari la wagonjwa, picha za kuona tumboni bila kupasua. Watu walianza kunisifu kwamba Mzee Nyambu hapitwi na tumbo la mtoto. Kweli sikupitwa. Niliwapeleka Mombasa watoto saba wenye utumbo ulioingiana, na mmoja nilimsindikiza kwa lori la makaa. Wanawake wakasema nina mkono mwepesi. Kila waliposema hivyo niliinama nikajifanya natafuta kitu mezani.

Na yule mama aliendelea kuja. Alizaa wengine watano. Mnajua desturi yetu, mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, awe hai au amekufa. Kwa hiyo kila alipokuja, mimi ndiye niliyesimama mlangoni na kadi nikaita mbele ya watu wote: "Mama Mwanjala!"

Kila alipokuja alikuwa na jani. Mtoto ana kikohozi, jani. Mtoto ana upele kichwani, jani. Mmoja alivunjika mkono kwa kuanguka kwenye mti, na jani lilikuwepo! Wafanyakazi vijana walicheka chini chini, wakisema mama huyu akili si nzima. Mimi niliwafokea, nikafungua kila jani, nikageuza kwa kijiti, nikanusa. Yeye alikaa akinitazama usoni. Nikimaliza nasema, "Choo ni kizuri, mama." Naye anasema, "Asante, dresa."

Nilipostaafu nilijiambia sasa basi. Nilipanda Sagalla, wakati huo goti bovu ni langu. Nilimkuta uani anapukuchua kunde. Alinipa kigoda, akamwita mkaza mwanawe alete chai. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikaanza kwa kusema, mama, ile Jumanne ulipokuja na Mwanjala, mimi sikufanya kazi yangu...

"Najua," alisema.

Hakuinua macho kwenye kunde.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Mimi nilikuwa nakutazama, dresa. Hukulitazama jani. Uliwatazama waliokuwa wanacheka."

Nikamuuliza, basi yale mayai? Akasema mayai yalikuwa kwa sababu mtoto alikuwa amelala, na yeye alidhani huenda Mungu ameisahihisha kazi yangu.

"Na yale majani mengine yote? Hata ya kikohozi?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Alikuwa mzee sasa, kama mimi.

"Nilikuwa nakuja kukuangalia kama utafungua. Watoto wa wenzangu wote walikuwa wanapita mikononi mwako. Siku ambayo usingefungua, ningesimama kwenye benchi niwaambie watu wote ulimfanya nini Mwanjala."

Chai ikaletwa. Akanisogezea kikombe, akarudi kwenye kunde zake, nami nikabaki nimekaa pale nikijua kwamba kwa miaka yote ile niliyodhani nimemficha, yeye ndiye aliyekuwa ananisimamia kazi.

Wawuda, yule mama wa picha za nepi, jina lake liko kwenye daftari lenu. Mtafute leo. Usingoje kesho.